Jina la Funza: Historia ya Uainishaji wa Nondo katika Familia na Nafasi Yake katika Kilimo cha Pamba cha Bariadi na Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Mkulima wa pamba wa Bariadi anayepasua kitumba kilichotobolewa, mnamo Machi au Aprili, anaweza kukuta ndani yake kiwavi mmoja kati ya aina kadhaa. Pengine ni kiwavi mnene mwenye michirizi ubavuni, kichwa chake kikiwa kimezama ndani ya kitumba na sehemu ya nyuma ya mwili ikiwa nje. Pengine ni kiwavi mfupi mwenye vinundu vilivyochongoka mgongoni mithili ya miiba. Pengine ni kiwavi mdogo mwenye rangi ya waridi aliyejificha ndani ya mbegu yenyewe, kiasi kwamba kitumba kikitazamwa kwa nje huonekana kizima. Katika mazungumzo ya kila siku wote watatu huitwa funza wa vitumba, na jina hilo lina mantiki yake, kwa kuwa linataja mahali panaposhambuliwa na hasara inayopatikana. Mtaalamu wa wadudu huwaweka watatu hao katika familia tatu tofauti. Wa kwanza, Helicoverpa armigera, ni wa familia ya Noctuidae. Wa pili, wa jenasi ya Earias, ni wa Nolidae. Wa tatu, Pectinophora gossypiella, ni wa Gelechiidae, familia ambayo kwa nasaba iko mbali sana na hizo mbili za kwanza.

Lugha ya shambani huainisha kwa tendo, ilhali taaluma ya uainishaji hudai kuainisha kwa ukoo. Neno "hudai" limetumika hapa kwa makusudi, kwa sababu historia ya familia za nondo inaonesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walipanga nondo kwa kufuata sura ya bawa wakiamini kuwa wanafuata ukoo. Insha hii inafuatilia namna familia hizo zilivyoundwa, zilivyovunjwa na kuundwa upya, na namna mabadiliko hayo, yaliyofanyika zaidi katika makumbusho ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, yalivyogusa nchi ya Wasukuma, hususan eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu.

Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao makuu yake yakiwa Bariadi, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Katika nyaraka za kikoloni maeneo haya hutajwa kwa majina ya himaya za watemi, kama vile Ntuzu, au kwa jina la jumla la Wilaya ya Maswa. Pamba ilienea huko kwa nguvu hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima walipohamia mashariki kutafuta ardhi mpya, na leo Simiyu inahesabiwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Kwa hiyo swali la nani anakula kitumba si la kitaaluma tu.

2.0 Kutoka Linnaeus hadi mshipa wa bawa

Carl Linnaeus, katika toleo la kumi la Systema Naturae la mwaka 1758, aliwagawa wadudu wenye mabawa ya magamba katika jenasi tatu tu: Papilio kwa vipepeo, Sphinx kwa nondo wakubwa warukao kwa kasi wakati wa magharibi, na Phalaena kwa nondo wengine wote. Kwa kuwa kundi hilo la tatu lilikuwa kama ghala la kila kilichobaki, alilipangua katika makundi madogo na kuyapa majina: Bombyces, Noctuae, Geometrae, Tortrices, Pyrales, Tineae na mengineyo. Alitazama namna nondo anavyokunja mabawa anapotulia, umbo la papasi, na kuwapo au kutokuwapo kwa mrija wa kunyonyea. Jambo la kushangaza ni kwamba majina hayo ya muda yalidumu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Pierre André Latreille wa Ufaransa na wengine waliomfuata waliyainua kuwa familia, na ndiyo asili ya Noctuidae, Geometridae, Tortricidae, Pyralidae na Tineidae zinazotumika hadi leo. Gelechiidae ilikuja baadaye, mwaka 1854, kwa kazi ya Henry Stainton wa Uingereza.

Wadudu watakaokuja kuwa adui wa pamba ya Usukuma walipewa majina katika kipindi hicho, mbali na Usukuma na bila pamba ya Usukuma kuwa hoja. Jacob Hübner wa Ujerumani alimpa nondo wa kwanza jina la armigera na kumweka katika Noctua. William Wilson Saunders alimweleza funza wa rangi ya waridi mwaka 1844 kutokana na vielelezo vya India, akamwita Depressaria gossypiella. Mwaka 1833 Jean Baptiste Boisduval alimweleza nondo mmoja wa Madagaska na visiwa jirani, mwenye bawa dogo la kijani, akamwita Tortrix insulana. Huyo ndiye Earias insulana wa sasa. Boisduval alidanganywa na umbo. Nondo huyu anapotulia hukunja mabawa yake na kufanana kabisa na nondo wa Tortricidae, lakini hana undugu wa karibu nao. Kosa hilo lilisahihishwa mapema, ila linastahili kukumbukwa kwa kuwa linaonesha udhaifu wa mbinu ya kutazama umbo la jumla.

Suluhisho la karne ya 19 lilikuwa kuyavua mabawa magamba yake. Unga unaobaki kidoleni mtu anaposhika nondo ni magamba, na chini yake kuna utando unaopitiwa na mishipa. Mpangilio wa mishipa hiyo hautegemei rangi wala ukubwa, hivyo ulionekana kuwa ushahidi wa kuaminika zaidi. Mwishoni mwa karne hiyo John Henry Comstock na James Needham wa Marekani walipendekeza mfumo mmoja wa kuipa mishipa majina kwa wadudu wote wenye mabawa, na tangu hapo mtaalamu wa London na wa New York waliweza kuzungumzia mshipa uleule kwa jina lilelile.

Mshipa mmoja ulipewa uzito kuliko yote. Katikati ya bawa la nyuma la nondo kuna chumba kilichozungukwa na mishipa, na kutoka pembe ya chini ya chumba hicho mishipa kadhaa hutawanyika kuelekea ukingoni. Katika baadhi ya nondo wa usiku mishipa minne yenye nguvu huanzia karibu na pembe hiyo. Katika wengine mshipa wa nne, unaoitwa M2, ni dhaifu au umesogea juu, na mitatu tu ndiyo huonekana wazi. George Hampson, aliyewahi kuwa mkulima wa chai kusini mwa India kabla ya kujiunga na Makumbusho ya Uingereza, alitegemea sana mishipa katika katalogi yake kubwa ya nondo wa dunia, iliyochapishwa kwa juzuu kuanzia 1898 hadi 1920. Kwa mpango wa namna hiyo, Noctuidae ikawa familia kubwa mno, yenye kundi la mishipa mitatu na kundi la mishipa minne ndani ya nyumba moja. Nondo wa nywele nyingi na nondo wa rangi kali wenye madoadoa, kwa upande wao, walipewa familia zao, Lymantriidae na Arctiidae.

Kwa nondo wadogo, mamlaka yalishikwa na mtu mmoja, Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Marlborough, Uingereza. Aliwaeleza nondo wadogo zaidi ya 10,000 kutoka kila pembe ya dunia, Afrika ikiwamo, kwa kutumia kioo cha mkononi na mishipa ya mabawa. Mwaka 1913 alimpa jina nondo ambaye kiwavi wake hula machungwa na vitumba vya pamba, Argyroploce leucotreta, ambaye sasa huitwa Thaumatotibia leucotreta wa familia ya Tortricidae. Meyrick hakukubali kupasua viungo vya uzazi vya nondo ili kuvitazama kwa hadubini, ingawa tangu mwaka 1909 F. N. Pierce alikuwa ameonesha, kwa Noctuidae wa Uingereza, kwamba viungo hivyo hutenganisha spishi ambazo bawa haliwezi kuzitenganisha. Ni vigumu kutomlaumu. Maelfu ya majina aliyoyatoa yalilazimika kuchunguzwa upya na waliomfuata, vielelezo vyake vikipasuliwa kimoja baada ya kingine.

3.0 Amani, London na Ukiriguru

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kazi ya wadudu waharibifu ilikuwa na kitovu chake katika Taasisi ya Amani kwenye Milima ya Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902. Mtaalamu wa wanyama wa taasisi hiyo, Julius Vosseler, alimripoti funza wa rangi ya waridi katika koloni mwaka 1904. Ripoti hiyo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kumhusu mdudu huyo nje ya India, na ilitolewa kabla ya dunia kutambua ukubwa wa hatari yake.

Upande wa Waingereza, Kamati ya Utafiti wa Wadudu kwa Afrika ya Kitropiki iliundwa mwaka 1909, jarida lake likaanza 1910, na mwaka 1913 ikawa Ofisi ya Kifalme ya Wadudu yenye makao London, kwa ushirikiano wa karibu na Makumbusho ya Uingereza. Baada ya Tanganyika kuwa chini ya Uingereza, utaratibu ulikuwa wa moja kwa moja: afisa wa kilimo akikuta mdudu asiyemjua, humkausha, humchoma pini, humfunga katika kisanduku na kumpeleka London, kisha husubiri jina. Kwa utaratibu huo jina likawa bidhaa inayoagizwa kutoka ng'ambo, na malighafi yake, yaani nondo wenyewe, ikasafirishwa kama pamba ilivyosafirishwa. Vielelezo vya kwanza vya spishi nyingi za eneo hili vimehifadhiwa Ulaya hadi leo, na mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuhakiki jina kwa kulinganisha na kielelezo halisi hulazimika kuvifuata huko.

Kituo cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930, kilibadili sehemu ya hali hiyo. Shirika la Himaya la Kilimo cha Pamba lilipeleka watafiti wake huko kuanzia 1939, na aina za mbegu zenye herufi UK zilizopandwa Maswa na Bariadi zilitoka katika kituo hicho. Ukiriguru hapakuwa na makumbusho makubwa, lakini palikuwa na jambo ambalo London haikuwa nalo: viwavi hai. Hapa ndipo tatizo la msingi la familia za nondo lilipojitokeza. Familia zilikuwa zimefafanuliwa kwa bawa la nondo mzima, ilhali anayeharibu pamba ni kiwavi asiye na bawa. Ili kumpa kiwavi jina la uhakika, mtafiti alipaswa kumfuga hadi awe pupa na kisha nondo, kazi ya wiki kadhaa ambayo mara nyingi huishia kwa kiwavi kufa au kutokwa na nyigu wadogo waliotaga ndani yake.

Ufumbuzi ulikuja kupitia nywele. Stanley Black Fracker wa Marekani mwaka 1915, na baadaye Howard Hinton mwaka 1946, walionesha kuwa nywele ngumu za mwili wa kiwavi hazikutawanyika ovyo, kila moja ina mahali pake, na mpangilio huo hulingana na familia. Kwenye pingili ya kwanza nyuma ya kichwa, mbele ya tundu la hewa, viwavi wa Gelechiidae na Tortricidae wana kundi la nywele tatu, na wale wa jamii ya Noctuidae wana mbili. Vilevile ndoano ndogo zilizo kwenye nyayo za miguu ya tumboni huelekea kupangika kwa duara, au karibu na duara, katika viwavi wa familia mbili za kwanza, na katika jamii ya Noctuidae hupangika kwa mstari mmoja uliopinda. Kwa hadubini ya kawaida, mtafiti aliyekuwa na kitumba kutoka Bariadi mezani aliweza sasa kusema familia ya kiwavi siku hiyohiyo.

Ukiriguru inatoa pia mfano wa jinsi mdudu wa familia moja anavyoingia katika hesabu za mwingine. Wazalishaji wa mbegu walipambana kwanza na mdudu mdogo afyonzaye majani, ambaye si nondo kabisa, na walimshinda kwa kuchagua pamba yenye majani ya nywele nyingi. Nondo jike wa Helicoverpa, hata hivyo, hupendelea kutaga kwenye pamba yenye nywele kuliko iliyo laini. Hakuna aliyekosea katika uamuzi huo, kwa maana bila nywele kusingekuwa na pamba ya kuliwa na funza.

4.0 Familia mbili, sera mbili

Thamani ya kumtambua funza kwa familia yake inaonekana wazi zaidi katika kanuni ya kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno. Pectinophora gossypiella hutegemea pamba na jamaa zake kama bamia. Kiwavi wake aliyekomaa mwishoni mwa msimu anaweza kulala ndani ya mbegu, wakati mwingine akiziunganisha mbegu mbili kwa uzi wake, na kusubiri hadi mvua zirudi. Ukiondoa maotea na masalia yote shambani, na mbegu ikashughulikiwa ipasavyo, unamkata katika daraja analovukia kutoka msimu mmoja kwenda mwingine. Kanuni hiyo imejengwa juu ya maisha ya Gelechiidae huyu.

Helicoverpa armigera hafungwi na daraja hilo. Pupa wake hukaa ardhini, na nondo wake huruka mbali. Kiwavi wake hula mahindi, mtama, nyanya na mgagani, na katika mbuga za udongo mweusi za Maswa na Bariadi hula dengu zinazopandwa mvua zinapoelekea kwisha. W. Reed, katika makala mbili za mwaka 1965 kuhusu mdudu huyu magharibi mwa Tanganyika, alishughulikia kwa undani hatua ya pupa na uhusiano wa funza na mazingira na maadui wake wa asili. Brigitte Nyambo, katika makala ya mwaka 1988, alionesha umuhimu wa mfululizo wa mimea ambayo funza huyu huifuata msimu mzima. Kwa mkulima anayemkabili mdudu huyu peke yake, kuchoma miti ya pamba ni kama kufunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango sita. Hapo ndipo baadhi ya wakulima walipoona kanuni ya kuchoma haina maana, kwa kuwa walichoma na funza akarudi. Kanuni ilikuwa sahihi kwa funza mmoja, na jina la pamoja, funza wa vitumba, liliificha tofauti hiyo. Maafisa walioitangaza kanuni bila kusema ilimlenga nani wana sehemu yao ya lawama.

Jina sahihi lilikuwa na uzito mkubwa zaidi kusini mwa nchi. Diparopsis castanea, funza mwekundu, ni Noctuidae aliyeenea kusini mwa Afrika, na pupa wake anaweza kulala ardhini kwa muda mrefu. Ili asisogee kaskazini kuelekea Kanda ya Ziwa, serikali ilipiga marufuku kilimo cha pamba katika ukanda wa Nyanda za Juu Kusini. Pamba ya Simiyu ililindwa kwa wakulima wa mikoa mingine kunyimwa zao hilo. Uamuzi wa kiwango hicho ulitegemea uwezo wa mtu fulani kusema kwa hakika kwamba funza aliye mkononi ni Diparopsis na si mwingine.

Pamoja na hayo, si sahihi kuhitimisha kwamba familia pekee hueleza tabia. Diparopsis na Helicoverpa wote ni Noctuidae, na wa kwanza hufungamana na pamba na mimea ya karibu nayo, ilhali wa pili hula karibu kila kitu. Familia humpa mtafiti mahali pa kuanzia, naye analazimika kuendelea hadi kwenye spishi.

5.0 Kuvunjwa kwa Noctuidae

Familia kubwa aliyoiacha Hampson haikuwa imara. Ushahidi wa kwanza dhidi yake ulitoka sikioni. Nondo wengi husikia milio ya popo, na masikio yao hayako mahali pamoja. Katika Geometridae na Pyralidae sikio liko mwanzoni mwa tumbo, na katika Noctuidae na jamaa zao liko kwenye pingili ya mwisho ya kifua. Sikio la kifuani liliunganisha Noctuidae, Arctiidae, Lymantriidae na Notodontidae katika familia kuu moja, Noctuoidea, na lilithibitisha kwamba Gelechiidae, wasio na sikio hilo, si wa nyumba hiyo. Ndani ya Noctuoidea yenyewe, hata hivyo, sikio halikutosha kuamua nani ni ndugu wa nani.

Earias ni mfano mzuri wa utata huo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ripoti za pamba za Afrika Mashariki zilimwandika kuwa Noctuidae. Kilichomtoa humo ni kifukofuko. Kiwavi wa Earias anapokaribia kuwa pupa husuka kifukofuko chenye umbo la mtumbwi uliopinduliwa, na upande mmoja huacha ufa wa wima ambao nondo atatokea. Nondo wa jenasi nyingine kadhaa, wasiofanana naye kwa rangi wala ukubwa, husuka kifukofuko cha namna hiyohiyo, na wataalamu walikubaliana kuwa kazi mahususi kama hiyo imerithiwa kutoka kwa babu mmoja. Wote wakawekwa katika Nolidae. Pana jambo la kufurahisha katika ukweli huu: nondo aliyemdanganya Boisduval kwa bawa lake alitambuliwa ukoo wake kwa ufumaji wake akiwa kiwavi, kitu ambacho mtoto yeyote wa Bariadi anayechuma pamba anaweza kukiona kimegandamana na shina.

Pigo kubwa lilikuja na vinasaba. Mwaka 2005 Michael Fibiger na Donald Lafontaine walipendekeza mpango mpya wa familia za Noctuoidea, na mwaka uliofuata wakaurekebisha wenyewe. Mwaka 2011 Reza Zahiri na wenzake, kwa kulinganisha jeni nane, walichapisha mti wa ukoo uliokubaliwa na wengi, wenye familia sita. Noctuidae ilibaki na wale wa mishipa mitatu kwa sehemu kubwa, Helicoverpa na Spodoptera wakiwamo. Wengi wa mishipa minne walihamia Erebidae. Arctiidae na Lymantriidae, familia zilizofundishwa vyuoni kwa vizazi, zilishushwa kuwa nusufamilia ndani ya Erebidae hiyo. Nolidae ilithibitishwa. Hampson hakuwa amekosea kabisa, kwa kuwa M2 ulibeba habari ya kweli. Kosa lilikuwa kuyaweka makundi mawili chini ya jina moja huku matawi mawili ya moja ya makundi hayo yakipewa hadhi ya familia kwa sababu tu ya nywele na rangi zao.

Mabadiliko haya yana gharama kwa wasomaji wa kumbukumbu za zamani. Anayetafuta Earias katika ripoti za Ukiriguru za miaka ya 1950 sharti atafute chini ya Noctuidae. Anayetafuta funza wa rangi ya waridi atakuta Platyedra katika nyaraka za zamani, ingawa August Busck alikwishamwundia jenasi ya Pectinophora mwaka 1917.

6.0 Viwavijeshi wawili

Wakati mwingine hatari haitokani na tofauti ya familia, bali na kufanana kupita kiasi. Spodoptera exempta, aliyepewa jina na Francis Walker wa Makumbusho ya Uingereza katikati ya karne ya 19, ndiye kiwavijeshi wa miaka yote wa Afrika Mashariki. Huzuka kwa makundi baada ya mvua, hula majani ya jamii ya nyasi, mahindi na mtama vikiwamo, kisha hutoweka. Mwaka 2017 Tanzania ilithibitisha kuwapo kwa Spodoptera frugiperda, mdudu wa Amerika aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. J. E. Smith alikuwa amempa jina mwaka 1797, bado akitumia Phalaena ya Linnaeus. Wawili hawa ni wa familia moja, nusufamilia moja na jenasi moja, na kwa Kiswahili wakapewa jina moja, huyu mgeni akiongezewa neno vamizi. Mkulima aliyezoea kusubiri jeshi lipite alisubiri pia kwa huyu wa pili, ambaye hujichimbia katika moyo wa mhindi na hapiti.

7.0 Funza wa Amerika

Helicoverpa armigera huitwa katika vitabu vya kilimo vya Afrika Mashariki funza wa Amerika. Jina hilo ni masalia ya kosa la uainishaji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, nondo wa pamba ya Afrika, Asia na Australia na nondo wa mahindi na pamba ya Marekani walihesabiwa kuwa spishi moja, ambayo iliandikwa mara Heliothis armigera, mara Heliothis obsoleta. Mabawa yao hayatenganishiki kwa urahisi. Mwaka 1953 Ian Common wa Australia aliwatenganisha kwa viungo vya uzazi, na mwaka 1965 David Hardwick wa Kanada, katika tasnifu kubwa, aliwaundia jenasi ya Helicoverpa na kuthibitisha kuwa yule wa Amerika ni spishi nyingine, Helicoverpa zea. Ni mwaka uleule ambao Reed alichapisha kazi yake ya Tanganyika chini ya jina la Heliothis. Jina jipya lilichukua muda mrefu kukubalika, na makala ya Nyambo ya 1988 bado ilitumia la zamani.

Tofauti hiyo ilikuwa na matokeo ya vitendo. Kwa kadiri wadudu hao walivyodhaniwa kuwa mmoja, ilionekana halali kuchukua matokeo ya majaribio ya Marekani kuhusu dawa na majira ya kupulizia na kuyatumia Usukuma. Funza wa Maswa na Bariadi alikuwa mdudu wa nyumbani, mwenye mimea yake, maadui wake wa asili na kalenda yake, na utafiti wake ulipaswa kufanyika palepale. Katika Meatu, wakulima wa pamba hai walioanza kazi na bioRe mwaka 1994 hupanda alizeti kandokando ya pamba ili zimvute funza huyu, mbinu inayotegemea tabia yake ya kuchagua mimea mingi.

Wataalamu walisahihisha jina la kisayansi, ila jina la mitaani la Amerika likabaki katika vipeperushi na katika mihadhara ya ugani. Mwaka 2013 watafiti wa Brazili walitangaza kwamba funza aliyekuwa akiteketeza soya na pamba katika mashamba yao, na ambaye awali alidhaniwa kuwa Helicoverpa zea, ni Helicoverpa armigera. Walimtambua kwa kupasua viungo vya uzazi vya madume na kwa kulinganisha vinasaba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa spishi hiyo kuthibitishwa katika bara la Amerika.